Mjeledi wa Usiku: Maneno juu ya Kitabu cha Adili na Nduguze

Katika bonde letu la Kilombero mtoto hufundishwa hofu akiwa juu ya dungu. Mpunga ukianza kuzaa, nyumba nyingi za huku hubaki na wazee tu. Wengine wamehamia mashambani kulinda, mchana ndege na nyani, usiku nguruwe na viboko. Huko ndiko tulikosimuliwa habari za watu waliogeuzwa wanyama, na za sauti ziitazo jina la mtu kutoka majanini. Nilipokwisha kuwa mwalimu nikazidharau hadithi hizo zote. Nilisema ni za kuwazuia watoto wasishuke ngazi usiku, basi. Mtu mzima aliyejua kusoma hana haja nazo. Leo nataka kukiri ya kuwa nilikosa, na aliyenionyesha kosa langu ni kitabu chembamba ambacho wengi wenu mmepata kukishika shuleni mkakisahau.

Kitabu chenyewe ni Adili na Nduguze, cha Shaaban Robert, kilichopigwa chapa mwaka 1952. Mtungaji huyu hahitaji kujulishwa sana. Alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, karibu na Tanga, akafa mwaka 1962. Alikuwa karani wa serikali miaka mingi, na kazi yake ya kalamu aliifanya baada ya saa za ofisi. Watu humsifu zaidi kwa Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, kwa kuwa humo mna mashtaka na majibu juu ya utawala, na mambo ya utawala hupendwa kuzungumzwa. Adili na Nduguze huachiwa watoto. Walimu wengi hukisomesha kwa haraka, wakauliza nani alikuwa mwema na nani alikuwa mbaya, wakafunga. Nami nilifanya hivyo miaka mingi, na wanafunzi wangu walipata alama nzuri.

Sasa, kabla sijaingia ndani yake, yafaa niseme neno juu ya hadithi za kutisha za Ulaya, maana zitatusaidia kukiona kitabu chetu. Mwaka 1764 Mwingereza mmoja, Horace Walpole, alitoa hadithi ya ngome ya Otranto, na tangu hapo ikazaliwa jamii nzima ya vitabu ambavyo Waingereza huviita vya kigothi. Ukivisoma vingi utaona vina desturi zao, kama ngoma ilivyo na mapigo yake. Kuna nyumba kubwa ya kale. Kuna mlango usiofunguliwa. Kuna mwenye nyumba mwenye uso wa huzuni, ambaye mchana ni bwana mwema na usiku ana jambo lake. Na kuna mgeni asiyejua kitu, ambaye hulala katika nyumba ile akasikia lisilomhusu.

Kinachojulikana kuliko vyote katika jamii hiyo, au kwa uchache kinachopendwa kuliko vyote, ni Jane Eyre cha Charlotte Brontë, cha mwaka 1847. Msichana maskini aajiriwa kumfundisha mtoto katika nyumba ya tajiri aitwaye Rochester. Usiku asikia kicheko kutoka orofa ya juu. Apendana na bwana wa nyumba, na siku ya arusi, mbele ya kasisi, ndipo yafunuka ya kuwa bwana huyu ana mke tayari, naye ana wazimu, na amefungiwa juu miaka yote hiyo. Msichana akimbia. Baadaye yule mke aitia nyumba moto, ajirusha kutoka juu ya paa akafa. Rochester, aliyejaribu kumwokoa, apoteza mkono na macho. Ndipo Jane arudi kwake, naye mwenye majivuno amekuwa mnyenyekevu. Mapenzi, mateso, ukombozi: vyote vimo, tena vimeandikwa kwa ustadi. Lakini nina neno langu juu ya kitabu hicho, nitalisema mbele kidogo.

Basi tazama jinsi Adili na Nduguze kinavyoanza kutisha. Kuna mfalme aitwaye Rai, wa nchi ya Ughaibu. Mojawapo ya miji iliyo chini yake ni Janibu, na mtawala wake ni Adili, mtu aliyesifiwa kwa haki. Kodi ya Janibu imechelewa kufika. Rai amtuma mjumbe wake, Ikibali, akaidai. Ikibali apokewa kwa heshima zote, alishwa, apewa mahali pa kulala. Usiku aona lisilotazamiwa: Adili, huyu mtu wa haki, ainuka kitandani, aenda mahali walipofungwa manyani wawili, ashika mjeledi na kuwapiga. Awapiga mpaka wanalia. Na yeye mwenyewe alia.

Hilo silo jambo la watoto. Hebu fikiri ya kwamba umelala ugenini kwa mtu unayemheshimu, mzee wa kanisa labda, au mwalimu wako wa zamani, ukaamka usiku ukasikia pigo baada ya pigo ukutani kwa pili, ukachungulia ukamwona mwenyeji wako anapiga huku machozi yanamtoka. Ungefanya nini asubuhi ukiletewa uji? Ikibali afanya lile ambalo wengi wetu tungefanya: anyamaza kwa mwenyeji wake, arudi kwa Rai, asema yote. Rai amwita Adili mbele yake, aje na manyani wake, aeleze.

Na maelezo hayo ndiyo kitabu. Manyani wale wawili ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu. Baba yao, Faraja, alipofariki aliwaachia mali, wakagawana sawasawa. Hasidi na Mwivu wakasafiri kwa biashara, wakarudi watupu. Adili akagawanya fungu lake tena, akawapa. Baadaye wakamshawishi wasafiri wote pamoja kwa chombo. Njiani Adili akaingia katika mji ambao watu wake wote wamegeuka mawe kwa ukaidi wao, wakabaki kama walivyokuwa saa ile. Mwenye uhai ni msichana mmoja tu, Mwelekevu. Adili akampenda, akamleta chomboni. Ndugu zake wakamtamani msichana, wakamtamani na mali, wakamtupa ndugu yao baharini usiku. Aliyemwokoa ni Huria, wa jamii ya majini, ambaye Adili alipata kumponya zamani alipokuwa katika umbo dhaifu akifukuzwa na adui. Huria akawageuza wale wawili manyani, akamwamuru Adili awachape kila usiku.

Wenye kusoma sana watasema, Hii si hadithi mpya. Kweli. Katika Alfu Lela Ulela imo hadithi ya Abdallah bin Fadhili wa Basra na nduguze, iliyosimuliwa mbele ya Harun al-Rashid, na Shaaban Robert aliichukua humo karibu yote, akaivika majina mengine. Mtu anayemcheka kwa hilo hajui kazi ya utungaji. Yafaa tuangalie alichokibadili, kwa kuwa mahali mtu anapobadili ndipo anaposema neno lake.

Alibadili mambo mawili makubwa. La kwanza, katika hadithi ya Waarabu wale ndugu wanageuzwa mbwa. Yeye akawafanya manyani. Mbwa hupigwa kila siku, hata bila sababu, wala mpita njia hageuki kutazama. Lakini nyani ana mikono. Ana kucha kama zetu, hubeba mtoto wake kama mwanamke abebavyo, na akipigwa hukinga uso kwa kiganja. Sisi tulindao mashamba chini ya milima ya Udzungwa twajua jambo hili, ingawa hatupendi kulisema: kati ya wezi wote wa shambani, nyani ndiye ambaye mtu humrushia jiwe kisha akahisi haya kidogo. Na wizi wake ni wa mkono. Hachungi kama nguruwe, achuma. Hasidi na Mwivu walinyosha mkono wakachukua fungu la ndugu yao. Mtungaji amewaachia mikono hiyo hiyo.

La pili ni kubwa zaidi. Katika hadithi ya Waarabu wale ndugu, wakiisha kurudishiwa umbo la watu, wanarudia ubaya wao, wanamshambulia ndugu yao tena, na mwisho wanauawa kwa hukumu. Hadithi ile haina tumaini juu yao: aliye mbwa ni mbwa. Shaaban Robert alikataa mwisho huo. Kwake Rai awaombea msamaha, wale wawili wanarudi kuwa watu, na wanabaki kuwa watu. Nimewahi kumsikia mwalimu mwenzangu akisema ya kuwa hapo mtungaji alilegea, ya kuwa Waarabu wa kale waliwajua wanadamu vizuri zaidi. Huenda. Lakini kuandika ya kwamba mwovu ameuawa ni jambo jepesi, hata mtoto wa darasa la tatu aweza. Kuandika ya kwamba ameketi tena sebuleni kwa ndugu aliyemtupa baharini, hilo ni gumu, na aliyelijaribu astahili tumsome polepole.

Nirudi kwenye mjeledi. Hesabu wanaoteswa katika chumba kile cha Janibu. Utasema ni wawili. Mimi nasema ni watatu. Adili hakuchagua adhabu ile, aliamriwa. Hawezi kuisamehe, kwa kuwa si yeye aliyeitoa, wala hawezi kulala, kwa kuwa usiku ni saa ya kazi yake. Mchana ahukumu watu kwa upole na usiku afanya ukatili, na yote mawili ayafanya kwa utii. Wale wa Ulaya walilijua jambo hili pia: Rochester, mwenye ufunguo wa chumba cha juu, amefungwa na ufunguo ule kama mke wake alivyofungwa na mlango. Lakini Rochester alificha kwa ajili ya aibu yake na tamaa yake. Adili apiga watu anaowapenda. Hofu ya namna hii sijaikuta katika kitabu kingine cha Kiswahili, wala haina haja ya majini ili itutishe.

Mji wa mawe nao ni mzuri, ingawa sioni kwamba ndio moyo wa kitabu. Wengi wetu tulikutana na picha kama hiyo kwanza katika Mashimo ya Mfalme Sulemani, hadithi ya Rider Haggard iliyofasiriwa kwa Kiswahili mwaka 1929: wafalme waliokufa wameketi kuizunguka meza pangoni, maji ya chokaa yakiwadondokea mpaka wakawa mawe. Pale twatishwa na mauti tu. Katika kitabu cha Shaaban Robert mji wa mawe una kazi nyingine, nami sikuiona mpaka niliposoma mara ya tatu. Ni mji wa watu waliokuwa na adhabu isiyo na mwisho. Hakuna aliyekuja kuwaombea. Mawe ni mawe mpaka leo. Adili apita katikati yao, mwenye kufunga biashara mkono juu ya mizani, bila kujua ya kuwa siku moja yeye mwenyewe atakuwa na adhabu kama hiyo nyumbani kwake, mjeledi ukiinuka kila usiku mahali pale pale. (Mizani nimeiweka mimi, ndivyo ninavyouona mji ule kila nikiusoma.)

Makosa ya kitabu nisiyafiche. La kwanza ni majina. Adili ni mwenye haki, Hasidi ana husuda, Mwivu ana wivu. Ni baba gani aliyeshika mtoto mchanga mikononi akamwita Hasidi? Majina haya ni hukumu iliyotangulia kesi. Msomaji ajua mambo yote kabla ya chombo kung'oa nanga, naye mtungaji, ambaye alipenda sana kufundisha, humkumbusha tena na tena asije akasahau. La pili ni Mwelekevu. Msichana aliyeishi peke yake katika mji wa mawe, katikati ya jamaa zake waliogeuka, ana mambo mengi ya kutuambia kuliko Adili. Lakini hapewi nafasi. Awekwa kuwa mzuri, apendwe, agombaniwe, basi. Kina mama walionisikiliza nikikisoma kwa sauti walinung'unika mahali hapo, na walikuwa na haki. Na la tatu ni kwamba kisa chote cha udugu twakipata kwa kinywa cha Adili peke yake. Hasidi hakuulizwa ilikuwaje walipopoteza mali safari ya kwanza. Huenda naye ana neno.

Hilo la tatu lilinisumbua mwezi mzima, na hatimaye ndilo lililonifunulia kitabu. Kumbuka nilisema nina neno juu ya Jane Eyre. Yule mke wa orofani hatumsikii akisema hata neno moja kwa kinywa chake mwenyewe katika kitabu chote. Acheka, alia kama mnyama, auma, achoma nyumba, afa. Habari zake zasimuliwa na mume wake, tena yeye hayupo kusikia; na ukombozi wa Rochester wapatikana kwa kuwa yeye amekwisha kufa na njia imesafika. Nampenda sana mtungaji yule, lakini hapo moyo wangu hugoma. Ukombozi gani huo ambao mmoja wa wenye kesi amefungiwa nje ya baraza?

Sasa tazama Ughaibu. Manyani hawasemi, ni kweli, kwa kuwa nyani hana maneno. Lakini wapo. Adili asimulia mbele ya Rai, na waliotenda wamo pale pale barazani, wanasikia kila neno: fungu la kwanza, fungu la pili, usiku wa bahari. Hakupunguza. Hakusema "mambo yalitokea". Rai naye hakumkatiza akasema, Basi yatosha, ndugu ni ndugu. Alisikiliza mpaka mwisho, kitabu kizima ni kusikiliza kwake; na alipokwisha kusikia yote ndipo alipoomba kwa ajili yao. Mpangilio huu hautoki kwa bahati. Msamaha umewekwa baada ya masimulizi, wala hauwezi kuja kabla. Naye aombaye si aliyetendwa wala aliyetenda; ni mtu wa tatu, mwenye cheo cha kusikilizwa, ambaye sasa ameibeba habari ile kama wao wenyewe.

Wasomaji wa Biblia watakuwa wamekwisha kumfikiria Yusufu, mwana wa Yakobo. Ni haki, maana visa hivi ni ndugu: kijana aliyetupwa na kaka zake, akawa mkubwa ugenini, wakaja mbele yake. Yusufu naye aliwatesa kidogo kwa mashtaka na kikombe, na naye alikuwa akijitenga chumbani kulia, kisha ananawa uso na kurudi mezani. Huo ndio mjeledi wake na hayo ndiyo machozi ya Adili. Lakini iko tofauti. Yusufu alipotaka kujitambulisha aliwatoa wageni wote nje, akabaki na nduguze peke yao. Adili asema mbele ya mfalme na watu wake. Sijui ni njia ipi iliyo bora. Ila wote wawili walilitaja kosa kwa jina lake kabla ya kuwafariji wakosaji. Yusufu hakusema tu kwamba yeye ni ndugu yao. Aliwaambia ndiye waliyemwuza.

Nimelikazia jambo hili kwa sababu ambayo sina budi kuisema, ingawa si ya kuandikwa katika kurasa za vitabu. Nina kaka. Baba yetu alipofariki aliacha shamba la mpunga lililo karibu na mto, zuri, ambalo maji ya masika hulifunika na kuliacha na udongo mpya, na lingine la juu, la mchanga. La chini lilikwisha kuwa la kaka yangu kabla ya arobaini kwisha. Sikupiga kelele, mimi nilikuwa na mshahara wa ualimu, na watu walisema ninao wa kutosha. Nilinunua daftari. Ndani yake nikaandika shamba lile, na ukubwa wake, na tarehe. Kisha nikaongeza maneno aliyoyasema msibani, na siku ile mke wake alipompita mke wangu kisimani bila salamu, na mtumbwi wa baba ulioazimwa usirudi. Jioni, nikiisha kusahihisha kazi za watoto, nalifungua. Wakati mwingine sikuwa na jambo jipya la kuandika, nikasoma tu yaliyomo.

Mjomba wetu alikuja kutoka ng'ambo ya mto kutupatanisha. Ni mtu mwema, na alikuwa amechoka na safari. Alituketisha, akasema, Wanangu, yaishe. Tukashikana mikono. Wali ukaletwa, tukala pamoja, kila mmoja akatazama upande wake wa sinia. Hakuuliza ilikuwaje, nasi hatukusema. Usiku ule nilirudi nyumbani nikaandika katika daftari: leo tumepatana.

Miaka kadhaa baadaye, nikiwasomea watu barazani kwangu wakati wa kiangazi, mavuno yamekwisha ingia ndani na watu wana nafasi, nilifika mahali Ikibali anapochungulia. Bibi mmoja mzee, ambaye huja kwa ajili ya hadithi wala hajui kusoma, akaniuliza, "Mwalimu, huyo mtu wa haki, mchana alikuwa anauweka wapi mjeledi wake?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa macho yangu yalikwenda yenyewe kwenye kasha nilimo na daftari.

Sitawaambia ya kuwa nilikwenda kwa kaka yangu kesho yake. Sikwenda. Nililofanya ni kukisoma kitabu tena tangu mwanzo, na safari hii niliona ubaya wa neno la mjomba, ingawa alilisema kwa upendo. "Yaishe" lilikuja kabla ya kusimulia. Tulifunikwa kama shamba linavyofunikwa na maji, na chini ya maji mipaka ilikuwa pale pale. Adhabu ya manyani haikukoma kwa sababu mtu fulani alichoka kuiona. Ilikoma kwa sababu mtu aliomba aambiwe yote, na mwenye kuyajua akayasema mbele ya waliotenda, nao wakakaa wakasikia. Wengine watasema ya kuwa Adili alikuwa na bahati ya kuwa na mfalme wa kumsikiliza, nasi hatuna. Lakini katika kila mtaa wa Mlabani namjua mzee mmoja au wawili ambao, wakiombwa waketi tangu magharibi mpaka majogoo, wangeketi. Hatuwaombi. Twawaita waje waseme neno moja na kula wali.

Mavuno ya mwaka huu kaka yangu alimtuma mtoto wake kwangu na debe mbili za mpunga wa shamba la chini. Mtoto hakuwa na maneno ya kupeleka, ila salamu. Nikazipokea, nikamshukuru, nikampa mtoto sukari arudi nayo. Usiku nikaandika katika daftari: debe mbili. Niliandika humo kwa kuwa sikujua mahali pengine pa kuziandika. Kisha nikakaa kitambo nikilitazama neno lile katikati ya yale mengine. Nimekwisha kumwomba mzee mmoja wa hapa, jirani ya kanisa, atuketishe sisi wawili pamoja, na nimemwambia ya kuwa yatachukua usiku mzima na ya kuwa kaka yangu naye apewe nafasi ya kusema yake kama ninavyotaka kusema yangu, maana Hasidi hakupewa. Mzee amekubali. Kaka yangu bado hajajibu.

Narudi kwenye kitabu nimalize. Kwa lugha, wanafunzi hawawezi kupata mwalimu bora. Sentensi za Shaaban Robert zina mizani, nusu hii yajibu nusu ile, na mara nyingi mtu ataka kuzishika kwa moyo kama methali. Mahali pengine mizani hiyo humzidi, akasema jambo moja kwa njia nne ili tu apendezeshe. Hapo mwenye kusomea watu aruke, hawatamlaumu. Sura za Ikibali na za baraza la Rai zisirukwe hata neno. Zisomwe usiku, taa ikiwa moja, na watoto wadogo wakiwa wamelala, kwa kuwa mjeledi ule si wa kuwafurahisha.

Nakala niliyo nayo imepoteza jalada na kurasa mbili za mwisho, nami nilizinakili kwa mkono kutoka nakala ya rafiki. Anayetaka kuiazima na aje jioni, siku yoyote isiyo ya Jumamosi. Airudishe kabla ya masika, kwa maana njia ikifunikwa na maji sitaipata tena mpaka Juni.